Sauti Yangu Kwenye Hedfoni

Mtu wa kwanza kusema kwamba hedfoni ina kasoro alikuwa kaka yangu, na kwa kuwa ni yeye aliyesema, hakuna aliyebisha.

Kaka yangu ni fundi sauti. Kwenye kikosi chetu cha mafundi wa jukwaa wanamwita Masikio, na si kwa sababu masikio yake ni makubwa, ingawa hilo nalo lina ukweli wake. Anaweza kusimama katikati ya uwanja, spika zote zinanguruma, akasema, "Waya wa gitaa la pili umelegea," na mtu akienda kuukagua anaukuta umelegea kweli. Siku moja alisimamisha majaribio ya sauti kwa sababu alisikia mlio mwembamba ambao sisi wengine hatukuusikia. Tulitafuta saa nzima. Ulikuwa unatokana na chaja ya simu iliyochomekwa nyuma ya jenereta. Tangu hapo Masikio akisema kuna kitu, kipo.

Kazi yangu mimi ni kuita muda. Nakaa pembeni ya jukwaa na karatasi ya ratiba, saa mkononi, na hedfoni yenye maiki kama zile za mafundi wote. Ninawaambia dakika kumi, dakika tano, taa tayari, sauti tayari, bendi inapanda. Chuoni nilisomea uandishi wa habari, na mwaka wa pili ndipo nilipogundua kwamba siwezi kumsogelea mtu nisiyemjua nikamuuliza swali. Nilihitimu hivyo hivyo. Kaka akanitafutia nafasi hii. "Wewe unaogopa macho ya watu," aliniambia. "Kwenye hedfoni hakuna macho." Ilikuwa kweli. Ana kwa ana sauti yangu hufia kooni, lakini kwenye hedfoni inatoka imetulia, hata Kibatari, fundi taa wetu, huniita Dada Saa na kusema siku akifa anataka mimi ndiye niite muda wa kaburi.

Tamasha lile lilikuwa la siku tatu, kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji. Jukwaa lilikuwa upande mmoja, na katikati ya watu ulisimama mnara wa mabomba ya chuma uliobeba spika za kuwafikia walio nyuma. Ulikuwa na urefu wa ghorofa tatu hivi. Nautaja mapema kwa sababu hadi leo nauota.

Langoni walinzi waliwanyang'anya watu chupa za vioo. Bangi ilipita ndani ya soksi na makopo ya mafuta ya nywele, na kufikia saa tano asubuhi ilikuwa imetanda uwanja mzima kama moshi wa kuni mbichi. Nyuma ya jukwaa ilikuwepo pia. Kaka alikuwa ameanza kuvuta mwaka mmoja kabla. Alisema inamzimia kelele kichwani baada ya kazi. Kisha ikawa kabla ya kazi pia. "Mimi silewi," alisema. "Mimi nasikia vizuri zaidi." Ile ya tamasha hilo ilikuwa kali kupita kiasi. Kibatari alivuta mara mbili tu, akasema, "Jamani, hii si bangi, hii ni nyundo," akajilaza chini ya meza ya taa na kukataa kutoka. Tulicheka sana. Hata mimi nilicheka.

Na mimi sikupaswa kucheka, kwa sababu nilikuwa najua habari za mjomba.

Mjomba, mdogo wake mama, alianza kuvuta akiwa kijana, na kabla hajafika miaka thelathini alikuwa hatoki tena chumbani. Nilipokuwa na miaka saba nilifungua mlango wake kumpelekea chai nikamkuta amekaa mbele ya redio iliyozimwa, anaijibu. Hakuwa akifoka. Aliijibu kwa adabu, kama mtu anayeomba radhi. Baada ya mazishi yake mama alitukalisha mimi na kaka. "Wenzenu wanaweza wakacheza na kitu hicho wakarudi nyumbani wazima," alisema. "Ninyi damu yenu haina breki." Kaka aliahidi. Alipovunja ahadi nilimwona, nikanyamaza mwaka mzima, kwa sababu kumshtaki kaka yako mkubwa kwa mama yenu kunataka sauti ambayo mimi sina.

Siku ya pili ya tamasha, saa nne asubuhi, nilisikia sauti yake kwenye hedfoni.

"Nani yuko kwenye chaneli yetu?"

"Tupo sisi tu," Kibatari akajibu.

"Kuna mtu ananong'ona."

"Labda ni tumbo langu. Sijanywa chai."

"Kibatari, sitanii. Kuna mtu ananong'ona chini ya sauti zenu."

Tukanyamaza wote kusikiliza. Sikusikia kitu. Lakini hata ule mlio wa chaja sikuusikia.

Bi Mkubwa, meneja wa jukwaa, mama wa makamo asiyependa jambo lizungumzwe mara mbili, akasema, "Mbadilishieni betri." Tukabadilisha betri. Kaka akasema bado. Tukambadilishia waya, kisha hedfoni yenyewe, kisha kikosi kizima kikahama chaneli. Kibatari alitembea mpaka langoni kuwaomba walinzi wahamishe redio zao, wasije wakawa wanatuingilia. Mimi mwenyewe niliifunga hedfoni iliyokataliwa kwa karatasi ya gundi, nikaandika juu yake: mbovu, inanong'ona. Tulifanya kazi nzuri sana siku ile. Tulimkagua kaka yangu kuanzia kwenye betri hadi kwenye lango, tukaishia kwenye ngozi ya masikio yake.

Siku ya tatu, mchana, alinijia pembeni ya jukwaa. Hakuwa amelala tangu tufunge mitambo. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa anatabasamu kidogo, kama mtu anayejitahidi kuwa mwema kwa aliyemkosea.

"Mdogo wangu," alisema, "kwa nini unanisema?"

"Nakusema kwa nani?"

"Kwa hao. Kwenye hedfoni. Unawaambia nimeharibu kazi, wanitoe."

"Kaka, mimi nimesema dakika kumi tu."

"Kabla ya dakika kumi."

"Kabla ya dakika kumi sikusema kitu."

Alinitazama kwa huruma. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, ile huruma. "Sauti yako naijua tangu ukiwa mchanga," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakubembeleza. Nitaisahau leo?"

Ndipo nilipoona hedfoni iliyokuwa masikioni mwake. Waya wake ulining'inia mpaka kwenye goti, na ncha yake haikuwa imechomekwa popote.

Sijui nilisimama pale kwa muda gani. Bendi ilikuwa inapiga na mbao za jukwaa zilinitetemesha nyayo, lakini nilichokiona mbele yangu ni kile chumba, na redio, na kikombe cha chai nilichoshindwa kukiweka chini. Kaka akanipigapiga begani, akageuka kurudi kwenye mixa yake, ile meza ya kuchanganyia sauti, kule katikati ya uwanja. Njiani aliuchomeka waya kwenye kisanduku cha redio alichokivaa kiunoni, kwa mazoea tu, kama mtu anayefunga kifungo cha shati.

Nilimfuata Bi Mkubwa nikamwambia kaka anaumwa. Ngoma zikaimeza sauti yangu. Nikarudia. "Mwambie anywe maji," alisema bila kugeuka. Nikamwendea Kibatari.

"Leo amevuta?"

Kibatari akakuna kichwa. "Dada Saa, muulize saa ngapi hajavuta."

Hapo nikafanya kosa ambalo nimelirudia kichwani kuliko kosa lolote la maisha yangu. Sikumfuata kwa miguu. Uwanja ulikuwa umejaa watu, na mimi watu ndio wanaonishinda, kwa hiyo nikafanya ninachokiweza. Nilibonyeza kitufe nikasema kwa ile sauti yangu iliyotulia, "Kaka, acha mixa. Njoo nyuma ya jukwaa. Kuna mtu atakusaidia."

Nilimwona kwa mbali. Alisimama. Akaivua hedfoni, akaiangalia kama mtu aliyeshika kitu kinachopumua. Tangu jana alikuwa akisikia sauti yangu ikiwaambia watu wamtoe kazini, na wote tukimwambia hakuna sauti. Sasa sauti ileile ilikuwa imemwambia aache mixa, tena hata Kibatari na Bi Mkubwa waliisikia. Nilikuwa nimemthibitishia.

Akaiweka hedfoni chini taratibu, akapita kati ya watu, akaanza kuupanda mnara.

Mafundi wa mabomba, wale wanaojenga minara ya jukwaa, hawapandi mnara ule bila mkanda wa usalama na mtu wa kuwashikilia kamba. Kaka alipanda na viatu vyake vya kawaida, fulana ikimpepea, haraka haraka kama anapanda ngazi za nyumbani. Watu waliokuwa chini walidhani ni sehemu ya burudani. Wakashangilia. Simu zikanyanyuliwa juu, mia, mia mbili, zote zikamwelekea. "Panda, panda," waliimba kwa kuufuata mdundo, na yeye akapanda.

"Mwite," Kibatari alinishika mkono. Uso wake ulikuwa hauna utani hata chembe. "Dada Saa, mwite. Wewe ndiye anayekusikiliza."

"Mimi ndiye anayenikimbia," nikasema.

Nikabonyeza kitufe mara ya mwisho. "Sauti zote zima. Bendi isimame. Sasa." Nadhani ndiyo mara pekee niliyowahi kumwamuru Bi Mkubwa. Akatii kabla hajauliza. Muziki ulikatika, na ule ukimya ulioshuka ulikuwa mzito kuliko kelele. Nikavua hedfoni yangu, nikaitupa sakafuni, nikaingia kati ya watu.

Siwezi kuisimulia vizuri safari ile. Nakumbuka mikono, jasho, harufu ya bangi na ya nyasi zilizokanyagwa, mtu akisema "we dada vipi," na mimi nikisema samahani, samahani, kwa watu ambao hawakunisikia. Chini ya mnara fundi wa mabomba mmoja, mzee mwenye kofia ngumu, alikuwa akijifunga mkanda.

"Akiniona napanda ataruka," alisema. "Nimeshawaona wa namna hii."

"Nifunge mimi," nikasema. "Ni kaka yangu."

Alinipima kwa macho. Akaufungua mkanda akanifunga mimi, akivuta kila kifungo mara mbili. "Mkono mmoja hauachii mpaka mwingine umeshika. Chini hakukuhusu. Umenielewa, mama?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Nilipanda. Kaka alikuwa ameketi juu kabisa kwenye ukingo wa ubao, miguu inaning'inia hewani, anavuta nyaya nyuma ya spika moja baada ya nyingine na kuzitupa. Nilipofikia ubao wa chini yake, hatua tatu hivi kutoka kwenye miguu yake, nikasimama.

"Kaka."

Akajikunja. "Acha kunisema."

"Niangalie mdomo."

Hakuangalia. Mkono wake uliachia bomba.

"Kaka, nakuomba. Sitaki ufanye kitu kingine. Niangalie mdomo tu."

Akaangalia.

"Sasa naongea. Unauona unatembea?"

"Nauona."

"Sasa naufunga." Nikaufunga. Nilihesabu hadi kumi kwa kugonga kidole kwenye chuma ili aone, na katika ule muda niliona macho yake yakihama, yakiniruka, yakifuata kitu nyuma ya kichwa changu ambacho hakikuwepo. Nikafungua mdomo. "Umesikia kitu nilipofunga?"

"Nimesikia."

"Sauti ya nani?"

"Yako."

"Ilisemaje?"

Akatikisa kichwa. Hajaniambia mpaka leo.

"Mdomo ulitembea?"

Chini mtu alipiga mluzi, mwingine akamnyamazisha. Kaka alinitazama mdomo kama anavyotazama mishale ya kupima sauti kwenye mixa, kichwa kimeinama upande kidogo. Nikaona fundi ndani yake anafanya kazi, anatafuta hitilafu iko wapi, na safari hii anaitafuta mahali ambapo hakutaka iwepo.

"Haukutembea," alisema.

"Basi ile siyo mimi. Isiyo na mdomo siyo mimi, hata ikiwa na sauti yangu kabisa."

"Kwa hiyo hedfoni ni nzima," alisema polepole.

"Hedfoni ni nzima."

Uso wake ukaporomoka. Alikuwa amepanda mnara akiogopa watu wote, sasa alikuwa anajiogopa mwenyewe, na sikujua kama nilikuwa nimemwokoa au nimemsukuma. "Kama mjomba," alisema.

"Mjomba hakuwa na mtu wa kumwangalia mdomo. Shuka, kaka."

"Siwezi. Naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nimekojoa kidogo, usimwambie Kibatari."

Sauti fulani ikamtoka puani, nusu kicheko. Kisha akasema, "Basi niitie."

Kwa hiyo nikamwitia, kazi yangu ileile, safari hii uso kwa uso, mbele ya macho yote yale. Mkono wa kushoto, shika. Mguu wa kulia, sasa. Tulia. Mguu wa kushoto, sasa. Kila nilipoita alishusha macho kwanza kunitazama mdomo, ndipo akashusha mguu. Tulishuka hivyo hadi chini, na fundi wa mabomba akamdaka kiunoni kama anayepokea kitu cha kioo.

Hospitali walimlaza siku kumi na sita. Muuguzi wa wodi ya magonjwa ya akili, dada mwenye sauti nzito na mikono myepesi, alitufafanulia kwenye benchi la ukumbini. Alisema bangi ya siku hizi ni kali mara nyingi kuliko ile ya zamani, na mtu akikesha siku tatu juu yake, akili inaweza kuchanika. Wengi hupata nafuu. Lakini penye ndugu aliyewahi kuugua hivyo katika ukoo, hatari ni kubwa zaidi, na akiigusa tena anaweza asirudi.

"Na asipoigusa?" mama akauliza.

"Tutasubiri, mama. Atameza dawa, atalala kwa saa zake, na tutasubiri."

Alipoondoka nilimwambia mama kwamba nilijua tangu mwaka uliopita. Niliyasema nikiangalia viatu vyangu. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwaka mzima?" Nikasema mwaka mzima. Akauvuta mkoba wake mapajani, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, na sikuona alichokuwa anakitafuta.

Kibatari alikuja kumwona siku ya tano. Alileta machungwa na hadithi ndefu kuhusu fundi sauti mpya ambaye hasikii hata honi ya lori. Kaka alicheka mahali panapostahili, akasinzia kwa dawa. Kibatari akamfunika shuka. Kisha akaniambia, "Nilimbadilishia betri tatu, Dada Saa." Akanyoosha vidole vitatu, akavitazama. "Betri tatu."

Sasa ni wiki ya kumi na moja tangu arudi nyumbani. Ananenepa, mikono inamtetemeka, anajaza karatasi ya dawa mwenyewe bila kukumbushwa. Mixa hajaigusa. Nyumbani tuna sheria moja ambayo hakuna aliyeitangaza: hakuna anayeongea kutoka chumba kingine. Mama akitaka kumwita kula anaacha sufuria, anafuta mikono, anakuja mpaka mlangoni na kusubiri ageuke, ndipo anaposema chakula tayari. Mimi nikiwa na mafua sijifuniki pua na mdomo kwa leso mbele yake.

Jana mchana nilikuwa chumbani kwake nakunja nguo alizoanua mama. Yeye alikuwa kitandani anasoma gazeti. Nilikuwa nimempa mgongo, nahesabu soksi kimoyomoyo, dirisha liko wazi, nje hakuna mtu.

"Umesema nini?" akauliza.

Sikuwa nimesema kitu.

Soksi zilinidondoka. Niligeuka polepole, mdomo nimeufunga ili auone umefungwa. Gazeti lilikuwa limeshuka hadi kifuani kwake na alikuwa ananitazama mdomo, kichwa kimeinama upande kidogo.

"Sijasema kitu, kaka."

Kisha akaitikia kwa kichwa. "Najua," alisema. "Nilikuwa nakagua tu." Akatabasamu, akanyanyua tena gazeti.

Sikumuuliza alikuwa anakagua nini, mimi au masikio yake. Niliokota soksi, nikavuta kiti, nikaendelea kukunja nguo nikiwa nimemgeukia.